Mgeni wa Chumba cha Taulo

Tuliondoka Salala saa mbili usiku,
taa zote zinawaka kama nyumba ya harusi,
na alfajiri, usawa wa Hasiki,
nikipanga viti pembeni mwa bwawa
nikamkuta chini ya kiti cha arobaini:
ndege mweusi, weusi wa masizi ya sufuria,
mbawa ndefu kumzidi mwenyewe,
anajikokota kwa kifua, miguu haimbebi.

Nilidhani kavunjika. Hakuvunjika.
Ni wale ambao nchi kavu si yao,
na sakafu ya meli, kwao, ni nchi kavu.
Taa zilimwita, akaitika.

Nikamtia kwenye boksi la sabuni,
nikamfunika taulo la mkono, lile dogo
tunalowakunjia wageni umbo la bata.
Akanitapikia mafuta.
Shati zima. Hata beji, SHAAME, PEMBA,
kila herufi ikanuka samaki.

Sitaha ya juu watu kumi na saba na darubini.
Miongoni mwao Bibi Ingeborg wa chumba 7114,
safari yake ya tano, ndege wake mmoja.
Jana alinionyesha picha kitabuni, uji wake unapoa:
"Huyu. Wengine wote ninao."
Ninao, kama mtu anayezungumzia sahani.

Siku ile bahari haikuwa na choyo.
Pomboo, wakaacha kuhesabu.
Kasa kalala juu ya maji, membe kamkalia mgongoni.
Halafu nyangumi: mgongo, pumzi, mkia, basi.
Mtaalamu akasema kwa kipaza sauti
nyangumi wa huku hahami;
wenzake duniani huenda na kurudi,
yeye yupo hapa hapa, mwaka mzima, Arabuni.
Nilimwonea wivu kidogo.
Mimi mkataba wangu miezi tisa,
na siku ile, vitanda thelathini na viwili.

Kila nikipita chumba cha taulo natega sikio.
Kwaru. Kwaru.
Yupo.

Nimwambie?
Kanuni inasema mnyama apelekwe kwa afisa wa usafi,
na afisa wa usafi ana mfuko mweusi.
Nikimwambia mmoja watajua kumi na saba,
kila mtu na kamera yake.
Lakini ule uji uliopoa.

Saa nane usiku nikabisha hodi.
Akatoka na joho la kuogea, meno kayaacha kwenye glasi,
darubini kaivaa shingoni.
Nikampeleka nyuma kabisa, tunapovutia sigara.
Taa moja niliizima. Ya pili niliivika kofia yangu.
Nikafungua boksi.

Aliinua darubini, kwa mazoea.
Karibu mno. Akaishusha.
Akatazama kwa macho tu,
kidole chake kikifuata kile kijibomba juu ya mdomo
bila kumgusa.
Sijui dakika ngapi. Injini ilikuwa inanguruma miguuni.

Nikamweka ukingoni.
Akasita, kama mtu aliyesahau funguo,
kisha pale alipokuwa pakawa na upepo.

"Kwenu anaitwaje?"
Nikasema sijui.
Kwetu buabua ana jina, mnandi ana jina, furukombe pia.
Huyu hajapata kutua mtu akamwita.

Nikamngoja aandike. Kalamu alikuwa nayo.
Akatikisa kichwa, akacheka na vizibo vya fizi:
"Aliyetoka kwenye boksi hahesabiwi.
Ndiyo sheria yetu."
Akajifuta macho kwa mkono wa joho.

Asubuhi tukafunga gati Matraha, Maskati,
milima imesimama nyuma ya mji kama meno ya msumeno.
Bwana Fernandes akaingia chumba cha taulo, akanusa:
"Nani kala samaki humu?"
Nikasema labda ni bandari.

Chumba 7114 nilitandika mwisho.
Juu ya mto nikakunja taulo, safari hii si bata:
mbawa nikazivuta mpaka pembe za kitanda.
Miguu sikumwekea.